PAA LINAVUJA, NA RUHUSA IKO WAPI?



Mwezi uliopita katika mkutano wa tawi letu la Juja, tulipokwisha kumaliza shauri la mishahara na shauri la michango, mzee mmoja mwanachama alisimama akaomba nafasi ya kusema. Sisi tulidhani atasema juu ya malipo ya uzeeni. Hakusema hayo. Alisema, "Ndugu zangu, nyumba yangu inavuja, nami nimekatazwa kuitengeneza." Watu wengine wakacheka. Lakini alipoisimulia habari yake yote hakuna aliyecheka tena, na kabla ya mkutano kufungwa watu 9 wengine walikuwa wamesimama kusema kwamba shauri hilo limewapata wao au jirani zao. Kwa hivyo Halmashauri imetuagiza kuliandika jambo hili katika gazeti letu, nasi twaliandika.

HABARI YA MZEE

Mzee huyu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka 26. Kwa akiba yake alinunua kiwanja Juja, akajenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, akaiezeka kwa mabati. Hiyo ndiyo nyumba yake ya pekee duniani. Anakaa humo na mkewe, binti yake na wajukuu watatu.

Mabati hayadumu milele. Yale yalikuwa yameliwa na kutu, na mbao zilizoyabeba zimeliwa na mchwa. Katika mvua kubwa ya 2024, ile iliyoleta mafuriko na kuua watu zaidi ya 200 katika Kenya, mzee alilala na masufuria pande zote za kitanda. Akasema moyoni, mwaka mwingine haunikuti hivi. Akakopa katika chama cha akiba na mikopo, akanunua mabati ya geji 30, mbao za mkaratusi zilizotiwa dawa, misumari na kofia za paa. Akatafuta fundi na msaidizi wake. Jumamosi asubuhi fundi akapanda juu. Kufika saa sita nusu ya paa ilikuwa imekwisha kung'olewa.

Ndipo alipofika mtu mwenye kitabu mkononi. Akauliza, "Ruhusa iko wapi?" Mzee akajibu, "Ruhusa gani, bwana? Nyumba ni yangu, na paa ni lile lile." Yule mtu akasema kazi isimame, la sivyo watashtakiwa yeye na fundi. Fundi akashuka, akakusanya vyombo vyake akaenda.

Jumatatu mzee akaenda katika ofisi fulani. Akaambiwa alete ramani zilizochorwa na msanifu wa majengo aliyeandikishwa, cheti cha mhandisi, hati ya kumiliki ardhi, na risiti ya kodi ya ardhi. Ramani za nyumba ile zililiwa na mchwa zamani. Alipouliza bei ya kuchora nyingine, alitajiwa fedha nyingi kuliko bei ya mabati yote. Siku ya pili aliyoenda, aliyehusika hayupo. Siku ya tatu, mtu asiyevaa kitambulisho alimfuata kwenye baraza akamwambia kwa upole kwamba mambo huweza kurahisishwa, akitoa kitu kidogo. Mzee hakuwa na kitu kidogo. Alikuwa na deni la mabati.

Wiki 7 nusu ya nyumba ile imekaa chini ya turubai. Upepo ukivuma usiku, turubai lapiga kelele na watoto hawalali. Unga umeloa, madaftari ya shule yameloa, godoro limeoza. Mabati mapya yamepangwa uani, yakimngoja mtu wa kuyaezeka au mwizi wa kuyachukua, atakayetangulia kufika.

HATUSEMI RUHUSA IONDOLEWE

Katika mkutano wanachama vijana walipiga kelele wakisema, "Ezeka usiku! Nyumba ni yako, mabati ni yako, nani atakuuliza?" Sisi twawaelewa hasira yao, lakini hatukubaliani nao, na twataka kueleza kwa nini.

Ruhusa ya kujenga haikuwekwa kwa ajili ya kuwasumbua wenye nyumba peke yake. Tarehe 29 Aprili 2016 nyumba ya ghorofa 6 ilianguka Huruma, Nairobi, ikaua watu zaidi ya 40. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la shule ya Precious Talent, Dagoretti, liliwaangukia watoto asubuhi, na watoto 8 wakafa. Huko Zanzibar, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba maarufu la Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa kazi ya kulitengeneza, na watu wawili wakafa. Je, ni nani waliokufa katika habari hizi? Ni wapangaji wa vyumba vya bei rahisi, ni watoto wa wafanya kazi, ni mafundi walio kazini. Tajiri halali katika nyumba isiyokaguliwa. Kwa hivyo mfanya kazi ye yote anayesema ukaguzi uondolewe asema kinyume cha faida yake mwenyewe.

Twajua pia ujanja wa watu wengine wa mji wetu. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kumalizwa mwaka wa 2012, kila futi ya ardhi ya Juja, Ruiru na Thika imekuwa dhahabu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wanatafuta vyumba kila mwaka. Mtu huomba kutengeneza paa, kisha huongeza mawe usiku, na baada ya miezi mitatu nyumba ya chini imezaa ghorofa juu ya msingi ambao haukupangwa kubeba ghorofa. Mkaguzi anayemkamata mtu huyo atulinda sisi, nasi twamshukuru.

Lakini mzee wetu hakuongeza jiwe hata moja. Kuta ni zile zile, mteremko wa paa ni ule ule, mabati yameondoka na mabati yanarudi. Je, yafaa mtu huyu apite katika mlango ule ule wa mwenye ghorofa 6? Hapo ndipo shauri letu lilipo. Hatupigani na sheria. Twapigana na ofisi isiyotofautisha paa na jumba.

SHERIA INASEMAJE

Tumekaa na sheria tukaisoma, maana mwanachama asiyejua sheria hutishwa hata na mwenye kofia tu. Kwa Katiba ya 2010, kazi ya kusimamia mipango ya ardhi na majengo ni ya kaunti. Sheria inayotumika ni ile ya Mipango ya Ardhi na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Inasema hivi kwa ufupi:

(1) Mtu asifanye uendelezaji katika kaunti bila kibali. Akianza bila kibali aweza kutozwa faini isiyozidi Shs. 500,000/- au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

(2) Mtu akiomba kibali naye asipate jibu la maandishi kwa siku 60, sheria yahesabu kwamba kibali kimetolewa.

(3) Asiyeridhika na uamuzi aweza kukata rufani kwa Kamati ya Maafikiano ya kaunti katika siku 14, na kamati hiyo yapaswa kuamua katika siku 14. Juu yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sasa tazameni neno "uendelezaji." Katika sheria hii maana yake ni kazi yo yote inayofanywa juu ya ardhi, au kubadili kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo. Maneno hayo ni mapana kama wavu wa dagaa: humnasa papa na humnasa dagaa pamoja. Sheria iliyotangulia, ile ya 1996, ilikuwa na huruma kidogo. Iliacha nje ya hesabu kazi ya kutunza na kutengeneza nyumba ikiwa haikuongeza zaidi ya asilimia 10 ya ukubwa wa sakafu. Paa jipya juu ya kuta za zamani laongeza sakafu kiasi gani? Haliongezi hata inchi moja. Busara hiyo ya 1996 ingefaa kurudishwa.

Tena ziko Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025 badala ya kanuni za 1968. Nchi imekaa miaka zaidi ya 50 na kanuni zilizofuata mawazo ya Kiingereza juu ya nyumba, wakati watu wetu wakijenga kwa mawe ya Juja, mbao za mkaratusi na mabati. Twafurahi kwamba zimebadilishwa. Lakini kanuni mpya katika ofisi yenye tabia ya zamani ni kama mabati mapya juu ya mbao zenye mchwa.

SIKU 60 HUHESABIWA KUTOKA WAPI

Hapa wanachama wasome polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu wanapopotea.

Sheria yasema siku 60. Mzee wetu alikwenda ofisini mara tatu katika wiki 7. Tulipomwuliza, "Ombi lako lilipokelewa tarehe gani?" alitutazama tu. Hakuna ombi lililopokelewa. Kila mara alirudishwa mezani kwa maneno ya mdomo: lete hiki, lete kile, rudi kesho. Kwa hesabu ya sheria mzee huyo hajaomba cho chote. Hana siku ya kwanza, basi hawezi kuwa na siku ya 60. Hakukataliwa kwa maandishi, basi hana cha kukatia rufani.

Hii ndiyo hila ya kumrudisha mtu kwa mdomo. Afisa hakusema "hapana," maana "hapana" huandikwa na huhojiwa. Alisema "bado." Na "bado" haina mahakama.

Lakini Katiba, kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na mtu akidhuriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 juu ya matendo ya haki ya ofisi za umma imeeleza haki hiyo. Tena Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa afisa siku 21 za kujibu mwananchi anayeuliza habari iliyo katika ofisi ya umma. Kwa hivyo mwenye kuambiwa "ramani yatakiwa" ana haki ya kuuliza kwa barua, "Yatakiwa kwa kanuni gani? Ada yake ni kiasi gani, na imeandikwa wapi?"

Hata hivyo, sisi twasema kwamba siku 60 zenyewe ni nyingi mno kwa paa. Masika yetu huanza Machi na kumalizika Mei: miezi mitatu. Siku 60 ni miezi miwili. Mtu akiomba tarehe 1 Machi akakaa kimya kama mwananchi mwema, ruhusa itamfikia mwisho wa Aprili, godoro likiwa limekwisha kuota uyoga. Kwa ghorofa, siku 60 za kusoma ramani si nyingi. Kwa nyumba iliyo wazi juu, ni adhabu bila kosa.

PAA NI SHAURI LA CHAMA

Huenda mtu atauliza, "Chama kinaingilia nini mambo ya mabati? Si kazi yenu ni mishahara?" Twajibu: nyumba ni mshahara.

Wazee wetu wanakumbuka nchi hii ya Juja ilipokuwa ya mashamba makubwa ya makonge na kahawa. Wafanya kazi walikaa katika laini, chumba kimoja, na aliyeachishwa kazi aliachishwa na paa siku ile ile. Mjini haikuwa afadhali. Mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilisema wazi kwamba mshahara ulihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na kwamba yapasa uhesabiwe kwa mtu na jamaa yake. Vyama vya wafanya kazi vilipigania jambo hilo miaka mingi. Mzee aliyejenga vyumba vitatu vya mawe Juja kwa jasho la miaka 26 ndiye tunda la mapigano hayo. Akiondolewa paa lake, tumeshindwa sote.

Tena tazameni karatasi ya mshahara wenu. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwezi mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri hutoa asilimia 1.5 nyingine. Fedha hizo ni za kujenga nyumba. Wengine kati yetu huona faida yake, wengine hunung'unika, na shauri hilo tutalizungumza siku nyingine. Leo twauliza neno moja tu: nchi inayokata mshahara wa mtu ili imjengee nyumba mpya, itakosaje kumwacha atengeneze ile aliyo nayo? Nyumba iliyookolewa isianguke ni nyumba ambayo Serikali haitahitaji kuijenga.

WANAOKAA NYUMBA ZA MWAJIRI

Wanachama wa mashamba na baadhi ya viwanda wanakaa katika nyumba za mwajiri. Ninyi msinunue bati hata moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamwamuru mwajiri kumpa mfanya kazi nyumba inayofaa kwa gharama yake mwenyewe, au kumlipa fedha za kutosha kodi juu ya mshahara. Nyumba inayovuja si nyumba inayofaa. Mweleze mwakilishi wako wa kazini, naye aandike barua, na nakala ije ofisi ya tawi. Na mwajiri akisema, "Tunangoja kibali cha kaunti," mwambieni aonyeshe ombi lake lenye muhuri na tarehe.

Jambo moja la hatari lazima tulitaje. Nyumba nyingi za zamani katika Kenya, za serikali, za reli, za shule na za mashirika, ziliezekwa kwa vibao vya asbesto. Hivyo ni vile vya kijivu, vizito, vinavyovunjika kama kigae. Vumbi lake likiingia katika mapafu huleta saratani, na ugonjwa huo huweza kujificha miaka 20 au 30 kabla ya kuonekana. Shirika la Afya Ulimwenguni limesema kwamba kila aina ya asbesto huleta saratani. Kanuni za taka za 2006 zaihesabu asbesto kuwa taka ya sumu, na kazi ya kuiondoa na kuizika husimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Kwa paa la namna hiyo sisi hatuombi urahisi hata kidogo. Mfanya kazi ye yote asipewe nyundo akaambiwa, "Bomoa." Asivunje, asikate kwa msumeno, asifagie vumbi likiwa kavu, wala asichukue vipande kwenda kujengea banda la kuku. Akiamriwa kufanya hivyo bila mavazi ya kujilinda na bila mwenye leseni, akatae, na aje kwetu mara moja. Hapa ruhusa kali ni rafiki yetu.

WENZETU WALIO NYUMA YA MEZA

Twataka kusema neno na makarani na wakaguzi wa kaunti. Ninyi pia ni wafanya kazi. Ninyi pia mna chama, na mshahara wenu ukichelewa nasi twasikitika pamoja nanyi. Twajua kwamba ofisi nyingi zina maombi mengi na watu wachache, na kwamba mkaguzi mmoja hupewa eneo ambalo hata kwa pikipiki haliishi. Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735 katika hesabu ya 2019, na wanaongezeka. Kwa hivyo sisi tutaunga mkono madai yenu mkidai watu zaidi na vyombo vya kazi.

Lakini yule anayemfuata mzee kwenye baraza na kumnong'oneza habari ya kitu kidogo, huyo si mwenzetu. Sheria ya Hongo ya 2016 yamshika mpokeaji na mtoaji. Na kila karatasi isiyo ya lazima ni mlango wa hongo: ukimdai maskini ramani ambayo hawezi kuilipa, umemfundisha kununua njia ya nyuma. Ninyi makarani waaminifu, na ndio wengi, mna faida katika madai yetu kama sisi. Utaratibu ukiwa mfupi na ada ikiandikwa ukutani, hakuna atakayewasingizia.

YA KUFANYA WANACHAMA

Kabla mabadiliko hayajaja, mtu afanye hivi:

Kwanza, asing'oe bati kabla ya kuomba. Hilo ndilo kosa la mzee wetu, naye amekubali litajwe ili wengine wajifunze.

Pili, aombe kwa maandishi. Aandike barua fupi: jina, nambari ya kiwanja, ukubwa wa nyumba, paa la sasa ni la nini na jipya litakuwa la nini. Atie picha za nyumba pande zote nne. Aseme wazi kwamba haongezi ukuta wala ghorofa. Akipeleka kwa mkono, apige nakala na nakala hiyo itiwe muhuri wa tarehe. Akiomba kwa mtandao, achape ukurasa unaoonyesha siku aliyopeleka. Asiye na tarehe hana siku 60.

Tatu, akiambiwa alete kitu kingine, aombe aandikiwe. Akilipa ada, apate risiti ya kaunti. Bila risiti asilipe.

Nne, asidanganye. Akitaka kuondoa mabati na kuweka vigae vya saruji, hilo si paa lile lile. Vigae ni vizito, navyo vyataka mbao nene zaidi na pengine kuta zenye nguvu zaidi. Hapo mhandisi ni wa lazima, na fedha anayolipwa si bure. Vivyo hivyo akitaka kuweka tangi la maji juu ya paa.

Tano, anunue vitu vya kweli. Kadiri nambari ya geji inavyozidi ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote mbili. Bati la bei rahisi likikunjika mkononi dukani, litafanya nini katika upepo? Msumari upigwe juu ya tuta la bati, si katika bonde ambamo maji hupita. Na boriti iliyolala juu ya ukuta ifungwe na ukuta kwa bamba la chuma, maana paa halianguki kwa mvua tu, hunyanyuliwa na upepo.

Sita, akumbuke fundi. Fundi wa paa ni mfanya kazi kama wewe. Mpe ngazi imara na kamba, usimpandishe wakati mbao zimeloa, na usimharakishe kwa sababu mawingu yameonekana. Mwenye kampuni ya ujenzi afungwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007. Na wewe mwenye nyumba, hutaki jina lako litajwe katika matanga.

MADAI YETU

Halmashauri imekubali madai haya, na yatapelekwa kwa kaunti kwa barua:

1. Kuwe na cheti kidogo cha matengenezo, karatasi moja tu, kwa paa linalorudishwa kama lilivyokuwa katika nyumba ya kukaa isiyo na ghorofa. Picha zitoshe badala ya ramani.

2. Jibu litolewe katika siku 5 za kazi, na ofisi isiwe na nguvu ya kukataa kupokea ombi.

3. Mkaguzi aje mara mbili: kabla ya paa kuondolewa na baada ya jipya kuwekwa. Kwa njia hiyo mwenye kuficha ghorofa atajulikana.

4. Ada iwe moja, iandikwe ukutani kwa Kiswahili.

5. Paa likipasuliwa na upepo au mti, mwenye nyumba afunike kwanza, kisha atoe habari katika siku 7.

6. Wengi wa Juja walinunua viwanja kwa kampuni za ardhi na wana vyeti vya hisa, hati bado. Hao wakubaliwe kwa cheti hicho pamoja na barua ya chifu, kwa kutengeneza tu, bila kuhesabiwa kuwa ni uthibitisho wa kumiliki. Mvua haiulizi hati.

7. Asbesto ibaki katika utaratibu wake mkali, na kaunti itoe mahali pa kuizika na imsaidie asiyeweza kulipa.

Ada za kaunti hupangwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na Katiba yataka wananchi waulizwe kabla ya sheria kupitishwa. Mara nyingi mikutano hiyo huhudhuriwa na watu 20, na wote wamevaa suti. Safari hii twataka wafanya kazi wajae ukumbi. Kila mwanachama wa Juja, Witeithie, Kalimoni, Ruiru na Thika aliyezuiwa kutengeneza nyumba yake alete barua na risiti zake ofisi ya tawi, hata kama ni za zamani. Mjumbe wa wadi akiona malalamiko ya mtu mmoja huyaita bahati mbaya. Akiona faili nzima ataliita shauri.

Juu ya mzee wetu, twawapa habari ya mwisho. Siku tatu baada ya mkutano watu wawili wa Halmashauri walikwenda naye ofisini, wakiwa na barua, picha 4 na nakala mbili. Karani alitaka kuwarudisha. Wakamwomba kwa heshima aandike sababu za kuwarudisha. Akafikiri, akachukua muhuri, akapiga. Leo ni siku ya 19. Vijana wa tawi wamelifunga turubai upya kwa kamba na mawe, na mabati yamehamishiwa chumba cha jirani yasiibwe. Fundi amesema atarudi siku atakayoitwa.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu,
Waandishi wa Gazeti, kwa idhini ya Halmashauri ya Tawi